Spika ya njia mbili ya kujijengea: sauti huamuliwa kwenye krosova

Anayeanza kujenga spika ya njia mbili, yaani yenye wufa ya sauti za chini na twita ya sauti za juu, huuliza kwanza anunue wufa gani. Ni swali la haki, lakini si hapo sauti inapoamuliwa. Huamuliwa kwenye krosova, saketi inayoigawia wufa masafa ya chini na twita ya juu. Wufa na twita za bei ya kati, zikipimwa zikiwa ndani ya boksi lake na kutengenezewa krosova yake, huimba vizuri kuliko za bei kali zilizofungwa krosova ya kununua. Krosova ya dukani imechorwa kwa kudhani kwamba kila spika ni resista ya omu 8 isiyobadilika. Hakuna spika ya namna hiyo. Hapa tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo: wufa ya inchi 6.5 na twita ya kuba ya kitambaa ya milimita 25, vifaa ambavyo mtu huvipata akizunguka Kariakoo au Luthuli Avenue bila haraka.

Dukani, puuza wati zilizoandikwa kwenye katoni, hasa zikifuatwa na herufi PMPO. Angalia ukingo wa koni. Ukingo wa mpira hudumu. Ukingo wa sponji huoza wenyewe kwa unyevu wa hewa, na watu wa pwani wanajua jinsi unavyobomoka vipandevipande hata kama spika haijapigwa. Weka vidole vya mikono miwili pande zote za kofia ya katikati, sukuma koni taratibu na sawasawa, sikiliza. Ikikwaruza, koili ya sauti (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku, irudishe. Kisha mita: spika ya omu 8 nzima husoma kati ya omu 5.5 na 6.5, ya omu 4 husoma kati ya 3 na 3.6. Nunua mbili zinazofanana siku moja, dukani pamoja. Twita za piezo, zile nyeusi zisizo na sumaku, waachie wenye spika za matangazo. Hazishuki hadi 2,000 Hz, na kwa umeme zina tabia ya kapasita, hivyo hesabu zote za krosova zinazofuata hazizihusu.

Kabla ya kukata ubao lazima uijue wufa yenyewe. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small baada yake miaka ya 1970, walionyesha kwamba besi ya spika ndani ya boksi hutabirika kwa namba chache: Fs, yaani masafa ambayo koni hutetema yenyewe, Qts, jinsi mtetemo huo unavyozuiwa, na Vas, ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa mshikio wa koni. Wufa ya mtaani mara nyingi haina karatasi ya namba hizo, na ikiwa nayo usiiamini. Pima. Kwanza ilegeze kwa kuipigia mlio wa 25 hadi 30 Hz kwa saa kadhaa, koni ikicheza vizuri bila kugonga, kwa sababu mpira mpya ni mgumu na Fs yake husoma juu. Kisha unganisha sehemu ya hedifoni ya kadi ya sauti ya kompyuta na wufa kupitia resista ya omu 100, rudisha ishara kwenye tundu za kuingizia sauti, na uiache programu ya kupimia sauti ya REW, ambayo ni ya bure, ichore mstari wa impidensi, yaani ukinzani wa wufa kwa kila masafa. Mlima unaouona upande wa kushoto ndio Fs.

Vas hupatikana kwa kuongeza uzito. Chukua gramu 10 za udongo wa kuchezea watoto uliopimwa kwa mizani ya sonara, ubandike kuzunguka kofia ya katikati, upime tena. Tuseme Fs imeshuka kutoka 38 hadi 29.7 Hz. Gawanya 38 kwa 29.7, zidisha jibu kwa lenyewe, toa moja, unapata 0.637, gramu 10 ukizigawa kwa hiyo, uzito wa koni ni gramu 15.7. Kwa koni yenye kipenyo cha sentimita 13 (pima kutoka katikati ya ukingo wa mpira upande mmoja hadi katikati ya upande wa pili), Vas inakuwa lita 28 hivi. Programu hufanya hesabu hiyo yenyewe, lakini ukikosea kipenyo kwa sentimita moja tu, Vas hupotoka kwa zaidi ya robo, kwani eneo la koni huingia kwenye hesabu likiwa limezidishwa kwa lenyewe.

Tuchukue basi Fs 38, Qts 0.38, Vas lita 28. Boksi lililozibwa kabisa kwa Q ya 0.707 (Q ni ile Qts baada ya wufa kuingia boksini) linataka lita 11.4 na besi yake huanza kushuka kwenye 71 Hz. Ni boksi dogo, lina besi safi, na linasamehe makosa ya vipimo. Anayetaka besi ya kina zaidi atoboe tundu la hewa. Lita 20 zilizopangwa kwenye 42 Hz zinafaa wufa hii. Kwa bomba la PVC lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5.8, urefu ni sentimita 18. Kata bomba la sentimita 21 kwanza, upime impidensi ya wufa ikiwa ndani ya boksi: sasa utaona milima miwili na bonde katikati. Bonde hilo ndilo masafa ya boksi. Likiwa 39 Hz, punguza bomba nusu sentimita kwa kila kipimo hadi bonde lifike 42. Kupunguza ni rahisi, kurefusha ni taabu. Miisho yote miwili ya bomba ipigwe msasa iwe mviringo, la sivyo hewa hupuliza kwa kelele besi ikizidi. Na ujue hatari ya boksi la tundu: chini ya 42 Hz hewa haiishiki koni tena, hivyo kitufe cha kuongeza besi kwenye amplifaya huirusha koni mpaka koili igonge.

Kwa lita 20 halisi jenga boksi la nje sentimita 22 kwa 44 kwa 33 kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) ya milimita 18. Ndani unapata lita 21.9, wufa, bomba na ubao wa kukazia hula lita mbili zinazobaki. Ubao wa kukazia ni dirisha: kipande cha MDF kilichotobolewa matundu makubwa, kikiunganisha kuta mbili za ubavu na ya nyuma, kikae nje kidogo ya nusu ya urefu ili kisizigawe kuta sawasawa. Gundi nyeupe ya mbao kwenye viungo vyote na vibano au kamba zilizokazwa kwa usiku mmoja. Skrubu peke yake hazizuii hewa. Toboa kwanza kabla ya kupiga skrubu kwenye makali ya MDF, maana hupasuka. Makali hayo pia hunywa maji: Dar, Mombasa, Zanzibar, boksi lisilozibwa makali huvimba kwenye viungo na rangi hupasuka. Pakaza gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha ikauke, piga msasa, rudia, ndipo upake rangi. Plaiwudi nzuri ya baharini huvumilia zaidi lakini bei yake si ya mchezo.

Ndani ya boksi hewa ina milio yake. Urefu wa ndani wa sentimita 40.4 hutoa mlio kwenye 425 Hz, kina cha 29.4 hutoa 583 Hz, na sauti hizo hupenya koni nyembamba zikatoka mbele kama sauti ya puani. Sponji ya godoro yenye matundu wazi, unene wa sentimita 3 hadi 5, ibandikwe juu, chini, nyuma na ubavu mmoja. Fiba ya mito inafaa, na sufi pia inafaa ikifungwa ndani ya kitambaa chepesi. Usiziweke karibu na mdomo wa bomba, na kwenye boksi la tundu usijaze katikati. Boksi lililozibwa ndilo linalopenda kujazwa.

Mpangilio wa uso wa mbele una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya twita na katikati ya wufa pasizidi urefu wa wimbi moja kwenye masafa ya krosova. Kwa 2,200 Hz hiyo ni sentimita 15.6, fremu ya wufa ya sentimita 17 na bamba la twita la 10.4 zikikaribiana zinaacha 14. Vizuri. Ukipandisha krosova hadi 3,500 Hz umbali huo unazidi wimbi, na msikilizaji akisimama sauti hubadilika. Twita ichimbiwe ikae sawa na uso wa ubao, na isogezwe sentimita mbili kutoka mstari wa kati ili kingo za kushoto na kulia zisirudishe mawimbi kwa wakati mmoja. Spika mbili za jozi ziwe kama mtu na taswira yake kwenye kioo: twita ya moja isogezwe kushoto, ya nyingine kulia.

Sasa jambo ambalo hufanya spika nyingi za kujijengea zilie kwa ukali na wenyewe wasijue kwa nini. Masafa ya juu yana mawimbi mafupi, uso wa boksi huyasukuma yote mbele. Masafa ya chini yana mawimbi marefu yanayolizunguka boksi na kwenda nyuma pia. Kwa uso wenye upana wa mita 0.22, gawanya 115 kwa 0.22: katikati ya mabadiliko hayo ni 523 Hz. Chini ya hapo msikilizaji hupoteza hadi desibeli 6. Ukuta wa nyuma humrudishia kiasi, kwa hiyo chumbani fidia ya desibeli 3 hadi 4 hutosha. Fidia hiyo haiongezwi kwenye besi, hupatikana kwa kushusha kila kitu kilicho juu yake. Wufa yenye nguvu ya sauti ya desibeli 87 hugeuka kuwa ya 83. Twita ya desibeli 91 basi lazima ishushwe 8. Asiyekubali kupoteza sauti hiyo atabaki na spika inayopiga kelele bila mwili.

Vitabu vinatoa kanuni: kwa omu 8 na 2,200 Hz, krosova ya daraja la pili (koili moja na kapasita moja kila upande, daraja likipanda mkato huwa mkali zaidi) ni koili ya 1.16 mH na kapasita ya 4.5 µF kila upande. Jedwali hilo halijui fidia tuliyoisema, wala kwamba wufa yenye Re (omu zinazosomwa na mita) ya 5.8 na koili ya sauti ya 0.5 mH ina omu 9 kwenye 2,200 Hz na huendelea kupanda. Kwa hiyo kwanza itulize impidensi ya wufa kwa resista na kapasita zilizofuatana, zikiwekwa sambamba na vituo vyake: resista ni Re mara 1.25, yaani 7.5 hivi, kapasita ni 10 µF. Kisha anzia hapa. Wufa: koili ya 2 mH mfululizo, kapasita ya 8.2 µF sambamba. Koili kubwa inafanya kazi mbili kwa mpigo, inakata juu na inafidia uso wa boksi. Twita: kapasita ya 4.7 µF mfululizo, koili ya 0.35 mH sambamba, kisha resista mbili za kuishusha, omu 3.6 mfululizo na omu 3.9 sambamba na twita, ambazo kwa twita ya omu 6 hutoa desibeli 8 bila kubadilisha mzigo.

Hayo ni mahali pa kuanzia, narudia. Lengo si thamani hizo, ni mteremko wa sauti inayotoka. Siegfried Linkwitz na Russ Riley mwaka 1976 walieleza krosova ambayo kila upande uko chini kwa desibeli 6 pale zinapokutana, na jumla yake ni mstari tambarare. Kwenye daraja la nne pande zote mbili huwa pamoja kwa fezi, yaani mawimbi yao hupanda na kushuka kwa wakati mmoja. Twita yenyewe hushuka desibeli 12 kwa kila oktavu (kila masafa yakipungua nusu) chini ya mlio wake wa asili wa 1,000 Hz, kwa hiyo krosova ya umeme ya daraja la pili inatosha kuukaribia mteremko wa daraja la nne. Usiikutanishe twita na wufa chini ya mara mbili ya mlio wake, kwani koili yake ni nyembamba na huungua kimyakimya.

Koili za hewa unaweza kuzizungusha mwenyewe kwa waya wa shaba wa mafundi wanaosuka mota. Kwa waya wa milimita 1, kiini cha kipenyo cha sentimita 3 na upana wa 2.5, mizunguko 190 iliyobana hutoa karibu 1 mH, na takriban 260 hutoa 2 mH. Zungusha kumi zaidi, pima kwa mita ya LCR (inayosoma koili na kapasita), punguza. Koili ya 2 mH hutumia mita 35 hivi na ina ukinzani wa omu 0.77. Ukinzani huo huipandisha Qts ya wufa kutoka 0.38 hadi karibu 0.42, kwa hiyo uingize kwenye hesabu ya boksi kabla ya kukata ubao. Waya mwembamba wa milimita 0.6 unafaa koili ya twita tu. Koili mbili zikae mbali kwa sentimita 8 au zaidi, moja imesimama na nyingine imelala, zisikae karibu na sumaku ya wufa, wala skrubu ya chuma isipite katikati yake; fungia kwa kamba za plastiki.

Kapasita za njia ya twita ziwe za filamu. Fundi asiyezipata aende kwenye duka la feni: kapasita za feni ya dari, zile bapa nyeusi zenye maandishi CBB61, ni za filamu ya polipropilini, bei yake ni ndogo, na zikiunganishwa sambamba thamani hujumlishwa, kwa mfano 2.5 na 2.2 hutoa 4.7. Pima kila moja, kwa sababu asilimia 5 juu au chini ni kawaida. Kapasita ya elektroliti yenye alama ya kutoa haifai kwenye spika. Resista ziwe za wati 10 za kauri, zinyanyuliwe milimita tano juu ya ubao kwa sababu hupata moto.

Usiunganishe twita kabla ya kuhakikisha kapasita yake iko mahali pake. Betri ya volti 1.5 hutumika kwenye wufa tu: chanya kwenye kituo chekundu, koni itoke nje. Pima nje ya nyumba au katikati ya chumba kikubwa, maikrofoni ikiwa mita 1 kutoka kwenye spika, na zote mbili zikiwa mita 1.2 juu ya ardhi. Sauti inayodunda ardhini hufika milisekunde 4.6 baada ya ile ya moja kwa moja. Mwambie REW akate hapo, nawe utaamini mstari juu ya takriban 215 Hz. Chini ya hapo weka maikrofoni sentimita moja kutoka koni, kisha unganisha mistari miwili kati ya 300 na 400 Hz. Maikrofoni ya simu hulinganisha spika moja na nyingine, lakini kwa kazi hii tafuta ya kupimia yenye faili lake la marekebisho.

Kipimo chenye thamani kuliko vyote ni hiki: geuza nyaya za twita makusudi, upime tena. Pande mbili zikiwa pamoja kwa fezi, shimo la desibeli 20 au zaidi hufunguka kwenye 2,200 Hz. Shimo likiwa na kina kidogo au likisogea pembeni, fezi hazikutani, na sababu ya kawaida ni kwamba koili ya wufa iko nyuma ya ile ya twita kwa sentimita mbili au tatu, sentimita 2.5 ni nyuzi 58 kwenye masafa haya. Badilisha kapasita ya wufa kutoka 8.2 kwenda 10, au koili ya twita kutoka 0.35 kwenda 0.3, kitu kimoja tu kwa wakati, hadi shimo liwe refu na lisimame katikati. Ndipo urudishe nyaya. Mwishoni pima impidensi ya spika nzima. Ikishuka chini ya omu 3.2 mahali popote, amplifaya ya omu 4 italalamika.

Halafu masikio. Msomaji wa taarifa ya habari ni kipimo kizuri kwa sababu sote tunajua binadamu anavyozungumza. Akisikika kama yuko ndani ya pipa, isogeze spika nusu mita kutoka ukutani kwanza, ndipo uangalie sponji, na mwisho upunguze koili kutoka 2 hadi 1.8 mH. Sauti ikiwa nyembamba na ya kuchosha, fidia ya uso haitoshi. Herufi za s na sh zikirusha mate, wengi huilaumu twita. Ichomoe na usikilize wufa peke yake. Inapaswa kuwa imefifia. Ukisikia mluzi, koni ya wufa inajipinda badala ya kutembea kama kitu kimoja kwenye 4,000 hadi 6,000 Hz na krosova haijaikata vya kutosha. Kwa taarabu, sikiliza fidla na ganuni: zikirudi nyuma ya ngoma na kinanda, huenda twita imeunganishwa kinyume.

Kiwango cha twita hurekebishwa mwisho, kwa resista ya mfululizo. Kutoka 3.3 hadi 3.9 hushusha takriban desibeli moja, na hiyo ni tofauti ya spika ya kusikiliza jioni nzima na ile ya kuzimwa baada ya nyimbo tatu. Kaa nayo siku kadhaa kabla ya kulehemu moja kwa moja. Spika ya pili ijengwe kwa thamani zilizopimwa za ya kwanza, si zile zilizoandikwa juu ya vifaa, kisha upige sauti ya mtu mmoja kwa mono (sauti ileile kwenye spika zote mbili): isimame katikati kabisa kati ya spika mbili. Ikivutwa upande mmoja kwenye herufi za s tu, tafuta tofauti kwenye twita. Ikivutwa yote, tafuta tofauti upande wa wufa; angalia pia hewa inayovuja kwenye fremu yake, na uibandikie utepe wa sponji wa madirisha.